Kabla taya halijajazwa, ulizeni mfupa umetoka wapi



Ndugu msomaji, napenda leo tuzungumzie jambo ambalo liliingia nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza mwaka huu, na ambalo naamini limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Waislamu bila wenyewe kujua. Nalo ni mifupa inayowekwa na madaktari wa meno katika mataya ya wagonjwa.

Shangazi yangu ni mwanamke wa miaka sitini na ushei. Aling'olewa magego mawili ya taya la chini zamani kidogo, akaishi na pengo lake kwa subira. Mwaka huu watoto wake walichanga ili awekewe meno ya kudumu, yale yanayosimamishwa juu ya skurubu ya titani iliyopandikizwa mfupani. Alipopigwa picha aliambiwa kwamba skurubu haina pa kushika, mfupa umekwisha, hivyo lazima kwanza ujengwe upya. Akakubali. Ufizi ukafunguliwa, kikawekwa kitu alichoambiwa ni unga wa mfupa, juu yake kikafunikwa kitu mfano wa karatasi nyembamba, ufizi ukashonwa, akarudi nyumbani.

Katika bahasha ya risiti mlikuwa na vibandiko viwili vidogo vyenye majina ya vitu alivyowekewa. Jioni ile mjukuu wake akayatafuta majina hayo katika intaneti. Unga ulikuwa wa ng'ombe. Ile karatasi ilikuwa ya nguruwe.

Usiku huo alinipigia simu. Sauti yake sitaisahau. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nimeswali magharibi na isha na kitu hiki kinywani. Swala zangu ziko wapi?" Alitaka alfajiri arudi akafumuliwe nyuzi, kitolewe. Tena hakumlaumu mtu. Pale kliniki hakuna aliyemdanganya, kwa sababu hakuna aliyeuliza na hakuna aliyeambiwa.

Kabla ya hukumu ni vizuri tukakifahamu kitu chenyewe, maana wengi wetu tunatoa fatwa za barazani juu ya mambo tusiyoyajua. Mfupa unaoshika meno huishi kwa ajili ya meno. Jino liking'oka, mfupa ule hukosa kazi na mwili huanza kuula. Utafiti uliofanywa nchini Denmark na kuchapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 46 waliong'olewa meno ya nyuma, ukaona kwamba katika miezi 12 upana wa ukingo wa mfupa ulipungua kwa kiasi cha nusu, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi 3 ya mwanzo. Hapo hatujataja ugonjwa wa fizi, ambao hula mfupa hata jino likiwa bado limo, na huzidi kwa wavutaji sigara na kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa.

Pengo hilo lisingewasumbua watu sana kama si ugunduzi wa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Mwaka 1952, akichunguza mifupa ya sungura, aliona kwamba titani hushikamana na mfupa hai hata isiweze kung'oka. Mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza mjini Gothenburg. Tangu hapo skurubu ikawa inahitaji mfupa wa kutosha, na swali la wapi pa kuupata likawa kubwa.

Majibu ni manne. La kwanza ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa kidevuni, nyuma ya magego au nyongani. Huu ndio ambao madaktari wameupima nao mifupa mingine yote, kwa kuwa unakuja na seli hai za mtu mwenyewe. Ubaya wake ni jeraha la pili. La pili ni mfupa wa mwanadamu mwingine aliyefariki, uliokaushwa na kuhifadhiwa katika benki za mifupa. La tatu ni mfupa wa mnyama, na hapa ng'ombe ndiye maarufu: mfupa wake huchomwa na kusafishwa kwa kemikali mpaka mafuta na protini zote zitoke, yabaki madini matupu yenye vitundu vidogo mno. Unga wa namna hiyo unaotengenezwa na kampuni ya Geistlich ya Uswisi kwa jina la Bio-Oss ni miongoni mwa vitu vilivyochunguzwa kuliko vyote katika fani hii. Zipo pia unga zinazotokana na nguruwe.

La nne ni kilichotengenezwa na binadamu. Haidroksiapataiti, madini yale yale yaliyomo mifupani mwetu, huundwa kiwandani bila mnyama. Ipo fosfati ya kalsiamu ambayo mwili huiyeyusha kidogo kidogo na kuweka mfupa mahali pake. Ipo hata kioo! Mwaka 1969 Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alitengeneza kioo kinachoshikamana na mfupa, baada ya afisa mmoja wa jeshi aliyetoka vita vya Vietnam kumlalamikia ndani ya basi kwamba miili ya majeruhi inavikataa vyuma na plastiki. Na tangu miaka ya 1970 wataalamu wamekuwa wakigeuza matumbawe ya baharini kuwa haidroksiapataiti, kwa kuwa vitundu vya tumbawe vinafanana sana na vya mfupa. Sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu walijenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa matumbawe, tusingepaswa kulistaajabia hilo sana.

Mpenzi msomaji, unga wowote kati ya hizo haugeuki kuwa mfupa. Kazi yake ni kama ya miti ya jukwaa wanayopandia mafundi wa ujenzi. Mishipa ya damu na seli za mgonjwa mwenyewe ndizo zinazoingia katika vitundu vyake na kujenga. Ila seli za ufizi hukua upesi kuliko za mfupa, zikiachwa hulijaza pengo lote kwa nyama. Ndiyo sababu ya ile karatasi, ambayo kwa hakika ni utando: inazuia ufizi usishuke mpaka mfupa uwahi. Utando unaotumika sana ni wa kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na mishipa, na kolajeni ya utando wa Bio-Gide, ambao ni mashuhuri mno, hutolewa kwa nguruwe. Wapo watu wenye kuogopa unga, wakauliza habari za unga na kujibiwa kuwa ni wa ng'ombe, wakatulia, nao utando hawakuuliza. Hilo ndilo lililomfika shangazi yangu.

Sasa tuje kwenye dini. Kuna wanaosema kwamba mambo haya yote ni kubadilisha maumbile na Muislamu ajiepushe nayo. Hao tunawakumbusha habari ya sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.), iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Alipoteza pua yake katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu, akajitengenezea pua ya fedha. Ile fedha ikamharibikia ikatoa harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie pua ya dhahabu. Dhahabu, kama tujuavyo, ni haramu kwa wanaume kuivaa. Kwa hiyo kukirejesha kiungo kilichopotea si dhambi, na aina ya kitu kinachotumika ni jambo la kuangaliwa kwa makini: kilianza kile kisicho na tatizo, kiliposhindwa ndipo ikaja ruhusa.

Mpangilio huo huo tunaukuta kwa Imam Nawawi (Mungu amrehemu) katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa Kishafii wa mwambao wetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa masharti ya swala amegusia mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi. Ikiwa aliunga hivyo kwa sababu kitu safi kilikosekana, ana udhuru. Ikiwa kitu safi kilikuwepo, ni wajibu kukitoa, maadamu haogopi madhara ya dhahiri. Na akifa nacho, kauli sahihi ni kwamba hakitolewi. Nawawi alifariki mwaka 1277, zaidi ya miaka mia tano kabla ya mtu yeyote kufikiri juu ya kolajeni, lakini mgonjwa wa leo anayekaa kwenye kiti cha daktari wa meno yumo ndani ya maneno hayo.

Wenzetu wa dini nyingine nao waliwahi kufikwa na swali hili. Inasimuliwa kuwa tabibu Job van Meekeren wa Uholanzi aliandika, katika kitabu kilichotoka mwaka 1668, habari za Mrusi aliyezibwa tundu la fuvu kwa kipande cha mfupa wa mbwa, akapona, kisha kanisa likamtenga. Alipotaka kitolewe ili arejeshwe kundini, ilionekana kimekwisha kuungana na fuvu lake.

Kipi basi ni najisi katika hivyo tulivyovitaja? Hapa wanazuoni hawako kauli moja, na si uaminifu kumficha msomaji. Katika madhehebu ya Shafii mfupa wa mnyama asiyechinjwa kisheria ni najisi, na moto haumsafishi najisi. Kwa kauli hiyo hata unga wa ng'ombe wa Ulaya au Australia una maswali, kwani nani ajuaye alichinjwaje. Katika madhehebu ya Hanafi, mfupa mkavu wa mnyama mfu si najisi, isipokuwa wa nguruwe. Imepokewa kwa Imam Muhammad bin Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, kwamba hakuna ubaya kujitibu kwa mfupa wa kondoo, ng'ombe, ngamia au farasi, akavua wa nguruwe na wa binadamu. Mahanafi pia wanaikubali kwa mapana istihala, yaani najisi kugeuka kitu kingine kabisa na kupata hukumu mpya, kama ulevi unaogeuka siki.

Katika zama zetu, kikao cha Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi ya Tiba kilichofanyika Kuwait mwaka 1995 kiliipanua sana istihala, kikahesabu jelatini inayotokana na mifupa na ngozi za mnyama najisi kuwa imekwisha kugeuka. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilikuwa limekwisha kukataa, mwaka 1986, jelatini ya nguruwe katika chakula. Kuhusu mfupa wa binadamu, Baraza hilo liliruhusu mwaka 1988 kupandikiza kiungo cha maiti kwa masharti ya idhini na ya kutouzwa, na daktari anayetumia mfupa wa benki anapaswa kujua kama masharti hayo yametimia huko ulikotoka.

Mimi si mufti, na ninayoyasema sasa ni maoni yangu. Naona unga wa ng'ombe uliochomwa ukabaki madini matupu unafanana kweli na kitu kilichogeuka. Hakuna nyama wala mafuta wala damu ndani yake, na madini yaliyobaki ni sawa na yale ya kiwandani. Mtu akifuata wepesi wa Mahanafi katika hilo, sitamnyooshea kidole. Utando wa nguruwe ni jambo jingine. Thamani yake yote kwa daktari ni kwamba ile kolajeni imebaki kolajeni, haikuharibika, inatambuliwa na mwili kama kolajeni. Umesafishwa, ndiyo, wala haumdhuru mgonjwa, lakini kusafishwa si kugeuka. Anayesema kuwa umekuwa siki anakanushwa na kiwanda chenyewe, kinachousifia kwa kutogeuka kwake.

Wataniambia: dharura. Dharura inayotajwa na Qur'ani katika aya ya 173 ya Surat al-Baqara ni ya mtu aliyelazimika, asiyetaka wala asiyevuka mipaka. Je, mwenye pengo la magego mawili amelazimika? Na hata tukikubali kwamba ana haja kubwa, bado kuna tando za kolajeni ya ng'ombe, kuna za plastiki maalumu zisizotoka kwa mnyama yeyote, na kuna zinazotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine mpaka ikaganda, njia iliyoanzishwa na Joseph Choukroun huko Ufaransa mwaka 2001. Kitu safi kipo. Kama hakipo katika kabati la kliniki ile kinaagizwa, na pengo lililosubiri miaka saba halitakufa likisubiri wiki sita. Hali ni tofauti kwa aliyekatwa taya kwa sababu ya uvimbe au aliyevunjikiwa vibaya katika ajali, lakini Alhamdulillah huyo kwa kawaida hujengewa taya kwa mfupa wake mwenyewe, hasa ule mwembamba wa mguu wa chini, njia inayotumika tangu 1989.

Nakiri kuna la kusema upande wa madaktari. Vitu vya kutengenezwa havifai kwa kila pengo, na daktari mwenye uzoefu wa miaka na utando fulani ana sababu kuupendelea. Sikubaliani na ndugu wanaoingia kliniki kwa ghadhabu wakidai wanalishwa haramu. Daktari wetu, mara nyingi, ameletewa boksi na msambazaji, akafundishwa namna ya kulitumia, na habari ya mnyama iko upande wa nyuma kwa herufi ndogo kama mchwa. Neno bovine katika maandishi hayo ni ng'ombe, na porcine ni nguruwe. Kila mzazi anayempeleka mtu wake kliniki na ayashike maneno hayo mawili. Lakini kutofahamu kwa daktari kunasameheka mara moja tu. Mgonjwa Muislamu aliyelala kitini hana njia ya kujua kinachoingia katika taya lake isipokuwa aambiwe, na anayejua au anayeweza kujua ndiye mwenye amana. Nembo ya halali tumeizoea kwenye kuku na biskuti, vitu vinavyokaa tumboni siku moja. Unga wa ng'ombe hukaa ndani ya taya miaka mingi, hauna nembo, na maulamaa wetu na madaktari wetu Waislamu sijapata kuwasikia wameketi meza moja kuujadili.

Swali lenyewe liulizwe mapema, siku ya mashauriano, si mtu akiwa amekwisha kupigwa ganzi. Unga ni wa nini, na utando ni wa nini. Tena liko swali la mapema zaidi. Jino linapobidi kung'olewa, muulize daktari kama tundu lake linaweza kujazwa siku hiyo hiyo, maana mfupa mwingi unaopotea hupotea katika ile miezi mitatu ya mwanzo, na kuuhifadhi ni kazi nyepesi kuliko kuujenga ukiisha kwenda. Na nyumbani kwetu tuna tabia ya kukimbilia kung'oa. Jino linalotikisika kwa ugonjwa wa fizi mara nyingine linaweza kuokolewa likitibiwa mapema, na jino lililookolewa halihitaji ng'ombe wala kioo.

Nirudi kwa shangazi. Asubuhi ile, badala ya kliniki, nilimpeleka kwa sheikh wetu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama alijua kabla ya kuwekewa. Hakujua. Akauliza kidonda kikifumuliwa kutakuwa na nini. Nikamweleza niliyoelezwa na daktari kwa simu: unga utamwagika, kidonda kinaweza kuoza, na mfupa kidogo uliobaki unaweza kwenda nao. Na ule utando je? Mwili utauyeyusha wenyewe katika miezi michache. Sheikh akamwambia: "Bibi, hukukusudia, na kukitoa ni madhara ya dhahiri. Kiache, uswali, wala usirudie hata swala moja." Shangazi alilia kidogo, akafuta macho kwa upande wa mtandio, akaniuliza kama tutapitia sokoni.

Baada ya miezi mitano alipigwa picha nyingine na mfupa ukaonekana umeshika. Siku hiyo daktari akamwambia kwamba upande wa juu nako kuna pengo, akipenda wanaweza kulijenga wakati huo huo. Shangazi akamwambia sawa, lakini kwanza amletee maboksi yote, la unga na la utando, ayaone. Kijana yule, ambaye kwa haki yake ni mtu mwungwana, aliyaleta yote mawili na miwani ya kusomea.